Kuunda Programu Huria za Sauti na Viendeshi vya Linux: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unawalenga wasomaji ambao tayari wanatumia Linux na sasa wanataka kuingia katika kazi ya kuijenga, hasa upande wa sauti: kuandika programu za muziki na kurekodi, kurekebisha viendeshi vya kadi za sauti (programu zinazoiwezesha Linux kuongoza kifaa), au kukifanya kifaa kilichokataa kutoa sauti kifanye kazi kwao na kwa wengine. Jambo moja linajitokeza katika majibu karibu yote, nalo ni muda. Programu ya kuandika barua ikichelewa nusu sekunde, hakuna anayeumia; programu ya sauti ikichelewa milisekunde chache tu, msikilizaji anasikia mkwaruzo, na rekodi ya msanii imeharibika.

Sauti inapitia wapi kutoka kwenye programu hadi kwenye spika?

Programu huandaa sampuli, yaani namba zinazoeleza kimo cha wimbi la sauti kwa kila kipande kidogo cha muda. Kwa kasi ya herzi 48,000, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye Linux ya leo, hizo ni namba 48,000 kwa kila sekunde na kwa kila chaneli. Sampuli hukabidhiwa seva ya sauti, ambayo katika distro nyingi sasa ni PipeWire. Seva huzichanganya na sauti za programu nyingine, kisha huzipeleka kwa ALSA, sehemu ya kerneli (kiini cha Linux) inayowasiliana na maunzi. Ndani ya ALSA kuna kiendeshi cha kadi yako. Kiendeshi kinatenga bafa ya mviringo, yaani eneo la kuhifadhi sampuli kwa muda, katika kumbukumbu ya kompyuta, kadi inaisoma bafa hiyo yenyewe kwa njia ya DMA bila kuisumbua prosesa, na kila inapomaliza kipande kimoja inatuma ishara ya kukatiza ili ijulikane kwamba nafasi mpya imepatikana. Katika kurekodi, safari ni hiyo hiyo ikienda kinyume.

Zijue tabaka hizi kabla ya kugusa msimbo wowote. Malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa kiendeshi huwa chanzo chake ni seva ya sauti, na mengine yanayoelekezwa kwa seva yanatoka kwenye kiendeshi, na mtu asiyejua mpaka uko wapi anaweza kupoteza wiki nzima akitafuta mahali pasipo na kosa.

Kwa nini kuna majina mengi hivi: OSS, ALSA, JACK, PulseAudio, PipeWire?

Kwa sababu kila moja lilizaliwa kujibu tatizo ambalo lililotangulia halikulitatua. OSS ilianza mwaka 1992 kwa kazi ya Hannu Savolainen, aliyeandika kiendeshi cha kadi ya Sound Blaster, nayo ikawa mfumo wa sauti wa Linux kwa miaka ya mwanzo. Baadaye maendeleo yake mapya yalifungwa ndani ya bidhaa ya kulipia ya kampuni ya 4Front Technologies, na msimbo haukuachiliwa tena hadi mwaka 2007. Kwa wakati huo jamii ilikuwa imeshahama. Jaroslav Kysela alikuwa ameanzisha ALSA mwaka 1998 kutokana na kiendeshi cha kadi ya Gravis Ultrasound. Mwaka 2002 ALSA ikaingizwa katika kerneli ya majaribio ya 2.5, na kerneli 2.6 ilipotoka Desemba 2003, ALSA ndiyo iliyokuwa mfumo rasmi.

ALSA ilishughulikia maunzi vizuri, lakini haikuwatosha watu wa aina mbili. Wanamuziki walitaka programu kadhaa ziunganishwe kama vifaa vya studio na zote ziende kwa saa moja bila kupishana hata sampuli moja. Paul Davis, ambaye pia ndiye mwanzilishi wa programu ya studio ya Ardour, akawaandalia JACK. Watumiaji wa kawaida nao walitaka kuvaa vipokea sauti vya bluetooth katikati ya wimbo na sauti ihame yenyewe; PulseAudio ya Lennart Poettering, iliyoanza mwaka 2004 na kuingia Fedora 8 mwaka 2007, ikalibeba hilo. Kwa miaka mingi mtu aliyekuwa akirekodi muziki alilazimika kuizima moja ili kuiwasha nyingine. PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans wa Red Hat, imeziunganisha kazi zote mbili: programu iliyoandikwa kwa ajili ya JACK na ile iliyoandikwa kwa ajili ya PulseAudio zote zinafanya kazi juu yake bila kubadilishwa. Fedora 34 ya mwaka 2021 ilikuwa ya kwanza kuifanya seva ya sauti ya kawaida, na toleo 1.0 lilitoka Novemba 2023. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua kubwa zaidi katika sauti ya Linux tangu ALSA yenyewe, kwa sababu imefanyika bila kuwalazimisha wasanidi wengine kuandika upya hata mstari mmoja.

Programu yangu iandikwe kwa ALSA moja kwa moja, au kwa PipeWire?

Kama unaandika programu ya muziki inayohitaji kuunganishwa na nyingine, andika kwa kiolesura cha JACK. Kimetulia kwa miaka mingi, kinaeleweka haraka, na PipeWire inakihudumia kikamilifu. Kama unaandika kichezaji cha kawaida kinachotakiwa kufanya kazi kwenye mifumo mingine pia, tumia maktaba ya kati kama PortAudio au RtAudio. ALSA ya moja kwa moja iache kwa ajili ya mashine ndogo zisizo na seva ya sauti, zana za majaribio, na kazi ya viendeshi. Programu inayoshika kadi moja kwa moja huizuia seva kuitumia, na mtumiaji atashangaa kwa nini kila kitu kingine kimenyamaza.

Ikiwa unachotaka kuunda ni kifaa kimoja tu cha kuchakata sauti, kama mwangwi au kigandamizi, huhitaji kuandika programu nzima. Andika programu-jalizi ya LV2 au ya CLAP, nayo itafunguka ndani ya programu za studio zinazotambua aina hiyo.

Ucheleweshaji hupimwaje, na kiasi gani kinakubalika?

Gawanya idadi ya fremu zilizomo katika bafa (fremu moja ni sampuli moja ya kila chaneli) kwa kasi ya sampuli. Fremu 1,024 kwa kasi ya herzi 48,000 ni milisekunde 21.3, fremu 256 ni milisekunde 5.3, fremu 64 ni milisekunde 1.3. Hesabu hiyo ni ya upande mmoja na ya bafa moja tu. Mwimbaji anayejisikia kupitia kompyuta anasubiri bafa ya kuingilia, bafa ya kutokea, muda wa vigeuzi vya kadi yenyewe, na muda wa kusafiri ndani ya kebo ya USB, hivyo kipimo halisi ni cha mzunguko mzima, nacho hupatikana kwa kuunganisha tundu la kutokea na la kuingilia kwa waya na kutumia programu kama jack_iodelay.

Ili kupata picha ya ukubwa wake, sauti hewani hutumia takriban milisekunde 3 kusafiri mita moja. Mpiga gitaa anayesimama mita mbili kutoka kwenye spika yake tayari anaishi na ucheleweshaji wa milisekunde 6 na hausikii. Kwa hiyo bafa ndogo kupita kiasi ni gharama bila faida: kwa kuchanganya nyimbo zilizokwisha kurekodiwa tumia fremu 1,024 bila wasiwasi, na uteremke hadi 128 au 64 pale tu mtu anapopiga au kuimba moja kwa moja.

Kwa nini sauti ya programu yangu inakatika wakati prosesa inaonekana imepumzika?

Swali hili linastahili jibu refu, maana hapa ndipo programu nyingi za sauti zinapoanguka, zikiwemo zilizoandikwa na watu hodari.

Kipimo cha matumizi ya prosesa unachokiona kwenye skrini ni wastani wa sekunde nzima au zaidi. Kadi ya sauti haijali wastani. Inataka fremu 128 zifuatazo ziwe tayari ndani ya milisekunde 2.67, kisha nyingine ndani ya 2.67 zinazofuata, na hivyo hivyo kila mara. Ukizichelewesha mara moja kati ya mara elfu, wastani hautatikisika hata kidogo, lakini mkwaruzo utasikika. Tukio hilo ndilo wasanidi wanaloliita xrun.

Kwa hiyo kitendakazi kinachoitwa na seva kila kipande kinapohitajika kisifanye jambo lolote ambalo muda wake huwezi kuuwekea kikomo. Kisiombe kumbukumbu mpya kwa malloc, kwa sababu malloc huweza kusubiri kufuli, yaani kizuizi cha kuzuia nyuzi mbili (mikondo miwili ya kazi ndani ya programu) kugusa data moja kwa pamoja, au kuilazimu kerneli itafute ukurasa mpya wa kumbukumbu. Kisisome wala kuandika faili. Kisichapishe ujumbe kwenye terminali, hata ule mmoja wa kutafuta kosa. Kisisubiri kufuli linaloshikwa pia na uzi wa skrini: uzi wa skrini una kipaumbele cha chini, unaweza kusimamishwa na kerneli ukiwa bado umelishika kufuli, na uzi wa sauti wenye kipaumbele cha juu ukabaki kumngojea mdogo wake ambaye hata hajapewa zamu.

Njia inayokubalika ni kutenga kumbukumbu yote kabla ya kuanza, kuifunga isihamishiwe kwenye diski kwa mlockall, na kupitisha ujumbe kati ya nyuzi mbili kwa bafa ya mviringo isiyo na kufuli, yenye mwandishi mmoja na msomaji mmoja. Maktaba ya JACK inayo bafa ya namna hiyo tayari, na hakuna sababu ya kuandika yako wakati unajifunza.

Lipo pia kosa moja lililofichika. Unaandika programu-jalizi ya mwangwi, mwimbaji ananyamaza, mkia wa mwangwi unafifia hadi kimya kabisa, na hapo hapo matumizi ya prosesa yanapanda badala ya kushuka. Sababu ni kwamba namba zenye desimali zinapokaribia sifuri huingia katika umbo maalumu ambalo prosesa nyingi za x86 hulihesabu polepole mno. Dawa yake ni kuiamuru prosesa izichukulie namba hizo kuwa sifuri mwanzoni mwa uzi wa sauti. Ni mistari miwili ya msimbo, na mtu asiyejua anaweza kulitafuta kosa hilo kwa mwezi.

Ili kuona hali ilivyo, fungua pw-top, zana ya PipeWire. Safu ya QUANT inaonyesha ukubwa wa kipande, safu ya ERR inahesabu mara ambazo muda ulipita, na ukilitazama jina lililo mbele ya namba inayoongezeka utajua ni programu ipi ya kushughulikia.

Je, ninahitaji kerneli maalumu ya wakati halisi?

Kwa kawaida hapana. Viraka (mabadiliko ya msimbo) vya wakati halisi vya PREEMPT_RT, vilivyokaa nje ya kerneli kuu kwa takriban miaka 20, viliingizwa rasmi katika Linux 6.12 ya Novemba 2024, na vina manufaa kwa anayetaka bafa ndogo sana kwenye mashine yenye shughuli nyingi. Kabla ya hapo, hakikisha kwanza mtumiaji ana ruhusa ya kutumia kipaumbele cha wakati halisi, ama kupitia huduma ya RTKit ama kwa kuwekewa mipaka ya rtprio na memlock katika /etc/security/limits.d. Bila ruhusa hiyo, kerneli yoyote haitasaidia.

Kompyuta haitoi sauti. Nitajuaje kama kosa ni la kiendeshi?

Teremka tabaka moja moja. Anza na faili ya /proc/asound/cards: kama kadi yako haimo, kerneli haijaitambua, na jibu liko katika ujumbe wa dmesg. Kwenye kompyuta ndogo za miaka ya karibuni zenye chipu za Intel, kinachokosekana mara nyingi ni faili za Sound Open Firmware, ambazo distro huziweka katika pakiti ya peke yake. Bila hizo utaona kifaa cha bandia kinachoitwa Dummy Output na si kingine.

Kama kadi imo, ijaribu kwa speaker-test ukiitaja moja kwa moja, ili kuipita seva. Sauti ikitoka hapo, kosa liko kwenye seva au kwenye mipangilio yake. Isipotoka, fungua alsamixer uangalie kama chaneli zimezimwa, jambo linalotokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wakati sauti inapaswa kuwa inacheza, soma /proc/asound/card0/pcm0p/sub0/hw_params: hapo utaona kasi, umbizo, ukubwa wa kipande na wa bafa ambavyo kadi imevikubali kweli, ambavyo huenda si vile programu ilivyoomba.

Katika kompyuta ndogo nyingi kadi hufuata kiwango cha Intel cha HD Audio cha mwaka 2004, na kiwango hicho kinamwachia mtengenezaji wa kompyuta aandike katika BIOS ni pini ipi ya chipu iliyounganishwa na spika, ipi na maikrofoni, ipi na tundu la vipokea sauti. Watengenezaji huandika taarifa hizo kwa uzembe, kwa kuwa kiendeshi chao cha Windows hubeba marekebisho yake chenyewe. Matokeo yake ni spika zinazonyamaza ilhali vipokea sauti vinafanya kazi. Zana ya hdajackretask hukuwezesha kubadilisha maana ya pini na kujaribu, na ukishapata mpangilio sahihi, marekebisho ya kudumu huwa ni mstari mmoja wa SND_PCI_QUIRK wenye namba ya utambulisho ya kompyuta yako. Mamia ya kompyuta zinatoa sauti leo kwa sababu mmiliki mmoja alikaa na mashine yake hadi akaupata mstari huo.

Vifaa vya USB vinafuata kiwango kimoja. Kwa nini bado vinahitaji marekebisho ya pekee?

Kwa sababu kiwango kimeandikwa vizuri na kufuatwa vibaya. Kiendeshi cha snd-usb-audio huhudumia vifaa vingi mno bila kumjua mtengenezaji, kwa kusoma tu maelezo ambayo kifaa chenyewe hutoa kinapochomekwa. Maelezo hayo yakisema uongo, kiendeshi hudanganyika.

Tazama suala la saa. USB ya kasi ya kawaida hutuma pakiti moja kila milisekunde. Kwa herzi 48,000 hesabu ni nyepesi: fremu 48 kwa kila pakiti. Kwa herzi 44,100 haigawanyiki, hivyo kompyuta hutuma pakiti tisa zenye fremu 44 na ya kumi yenye fremu 45. Lakini hata hiyo ni hesabu ya karatasini, kwa kuwa saa iliyo ndani ya kifaa hailingani kikamilifu na saa ya kompyuta. Saa moja ikiwa na kasi kidogo kuliko nyingine, baada ya dakika kadhaa bafa itajaa au itakauka. Ndiyo maana vifaa vizuri huiarifu kompyuta mara kwa mara vinakula fremu kwa kasi gani, nayo hurekebisha ukubwa wa pakiti zake. Vifaa vingine havina njia ya pekee ya kutoa taarifa hiyo, bali huitegemea kompyuta izihesabu fremu zinazoingia kutoka kwenye maikrofoni na itoe idadi ile ile, na baadhi ya vifaa hivyo havilisemi jambo hilo mahali popote katika maelezo yake. Sauti inatoka vizuri, kisha baada ya muda inaanza kutatarika bila sababu inayoonekana.

Habari njema ni kwamba unaweza kujaribu bila kukompaili chochote. Moduli (sehemu ya kerneli inayopakiwa peke yake) ya snd-usb-audio inakubali chaguo la implicit_fb=1 kwa ugonjwa huo, na chaguo la quirk_flags kwa tabia nyingine nyingi; kwa mfano, thamani ya 0x01 inakiambia kiendeshi kisikiulize kifaa kasi yake ya sasa, swali ambalo baadhi ya kamera na maikrofoni za bei nafuu hushindwa kulijibu na kuganda. Ukiona mojawapo imeponya kifaa chako, umeshafanya sehemu ngumu ya kazi: kilichobaki ni kuongeza mstari mmoja katika faili ya sound/usb/quirks.c wenye namba za utambulisho unazozisoma kwa lsusb. Mtu anayeniuliza aanzie wapi katika maendeleo ya kerneli namwelekeza hapa, kwenye kifaa kilicho mezani kwake, ambacho anaweza kukichomeka na kukichomoa mpaka aridhike.

Kiendeshi kipya cha ALSA kinajengwaje?

Kiendeshi husajili kadi kwa snd_card_new, huongeza kifaa cha PCM, yaani njia ya kupitisha sampuli, kwa snd_pcm_new, kisha hutoa orodha ya vitendakazi ambavyo ALSA itaviita kwa mpangilio unaojulikana. Kitendakazi cha open kinaeleza uwezo wa maunzi; hw_params kinapokea kasi, umbizo na ukubwa wa bafa vilivyokubaliwa; prepare kinayaweka maunzi tayari; trigger kinaanzisha au kusimamisha; na pointer kinajibu swali moja tu, kwamba kadi imefika wapi ndani ya bafa kwa sasa.

Kitendakazi cha pointer ni kifupi kuliko vyote na ndicho kinachobeba uaminifu wa kiendeshi kizima. Programu ya studio inapopanga sauti mpya mahali sahihi juu ya sauti ya zamani, inapooanisha picha ya video na maneno, inapoamua ni lini iandike fremu zaidi, yote inayajenga juu ya namba hiyo. Kadi isiyoweza kutaja mahali ilipo isipokuwa kwa kuruka kipande kizima huifanya kila programu iliyo juu yake ikisie, na viendeshi vingi vinavyosifiwa kuwa vinafanya kazi vina kasoro hapa bila mtu kugundua hadi anapoanza kurekodi.

Kuna mitego miwili ambayo kila mwandishi mpya hukutana nayo. Kwanza, trigger kwa kawaida huitwa kerneli ikiwa katika hali isiyoruhusu kulala, kwa hiyo huwezi kusubiri jibu la kifaa humo ndani. Pili, ishara ya kukatiza inapofika unapaswa kuita snd_pcm_period_elapsed, na ni lazima uachilie kwanza kufuli lako mwenyewe, kwa kuwa ALSA itarudi kukuita kupitia pointer wakati huo huo, na kama pointer nacho kinalitaka kufuli hilo, mashine itasimama kabisa.

Kwa simu, na kwa bodi ndogo kama Raspberry Pi, kazi hugawanywa zaidi kwa mfumo wa ASoC: kiendeshi kimoja cha chipu ya kugeuza sauti, kimoja cha prosesa, na kimoja kinachoeleza jinsi vilivyounganishwa kwenye bodi hiyo. Simu za Android zinazotumika kila siku Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura zina viendeshi vya ALSA chini yake, hivyo ujuzi huu haukomei kwenye kompyuta za mezani.

Mwongozo wa kina umeandikwa na Takashi Iwai wa SUSE, msimamizi wa sauti katika kerneli, nao umo ndani ya nyaraka za kerneli yenyewe. Uusome ukiwa umefungua msimbo wa snd-dummy pembeni, kadi ya bandia isiyo na maunzi, ambayo unaweza kuivuruga bila kuharibu kitu.

Mtengenezaji hatoi nyaraka za kifaa. Je, kazi inawezekana?

Inawezekana, na imefanyika mara nyingi. Kifaa huunganishwa na kompyuta yenye Windows ndani ya mashine pepe, mazungumzo ya USB yakanaswa na moduli ya usbmon na kusomwa katika Wireshark. Unageuza kitufe kimoja katika programu ya mtengenezaji, unatazama baiti zilizobadilika, unaandika, unarudia. Geoffrey Bennett aliandika kwa uvumilivu wa namna hiyo kiendeshi cha vidhibiti vya Focusrite Scarlett vya kizazi cha pili, kilichoingia kerneli mwaka 2019. Sauti ya vifaa hivyo ilikuwa ikipita tangu awali. Kilichokosekana ni uwezo wa kupanga chaneli na viwango bila kurudi Windows. Angalia mazungumzo tu. Usinakili msimbo wa kiendeshi cha mtengenezaji, kwa kuwa kiraka chenye asili hiyo hakiwezi kupokelewa.

Leseni ipi inatumika wapi?

Kerneli iko chini ya GPL toleo la 2, na kiendeshi kinachoingia humo lazima kilingane nayo. Maktaba ya alsa-lib iko chini ya LGPL, hivyo hata programu ya kulipia inaweza kuitumia. PipeWire iko chini ya MIT, Ardour chini ya GPL. Kwa programu yako mwenyewe uamuzi ni wako, ila uuandike wazi kuanzia siku ya kwanza, kwa sababu msimbo usio na leseni kisheria hauruhusiwi kutumiwa na mtu mwingine hata kama umewekwa hadharani.

Nijifunze lugha gani ya kuandikia programu?

C kwa viendeshi. C++ kwa programu nyingi za studio. Rust inafaa kwa sauti na inapata wafuasi. Anayependa upande wa hesabu za sauti kuliko upande wa mashine aijaribu Faust, lugha iliyoundwa katika kituo cha GRAME huko Lyon, ambamo maelezo mafupi ya kichujio hugeuzwa kuwa programu-jalizi kamili.

Intaneti yangu ni ya bando na kompyuta yangu si ya nguvu. Nitawezaje kufanya kazi na kerneli?

Historia nzima ya kerneli ni gigabaiti kadhaa, lakini huihitaji kwa kuanzia: amri ya git clone yenye --depth 1 huleta hali ya sasa pekee. Kabla ya kukompaili, endesha make localmodconfig vifaa vyako vikiwa vimechomekwa, ili mashine ijenge moduli zile tu zinazotumika kwako. Kazi ya saa nyingi hupungua sana. Baada ya hapo, ukibadilisha kiendeshi cha USB, unajenga folda ya sound/usb peke yake na kupakia moduli upya, bila hata kuwasha kompyuta upya.

Kiraka kinatumwaje?

Kwa barua pepe ya maandishi matupu, hadharani. Unaandaa badiliko moja kwa kila kiraka, unaandika kichwa kinachoanza na jina la eneo, mfano ALSA: usb-audio, kisha maelezo yanayosema dalili ilikuwa nini, chanzo ni nini, na kwa nini suluhisho lako ni sahihi. Hapo chini unaweka mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, unaothibitisha kwamba una haki ya kuutoa msimbo huo. Kipitishe katika scripts/checkpatch.pl, tafuta wa kumtumia kwa scripts/get_maintainer.pl, na utume kwa git send-email, maana programu nyingi za barua pepe huvuruga nafasi za mistari na kiraka hakitakubali kubandikwa.

Ukijibiwa kwa maswali makavu, usivunjike moyo. Yanahusu msimbo, na msimamizi anayeuliza ni msimamizi aliyesoma. Rekebisha na utume upya kama toleo la pili, ukieleza kilichobadilika. Zikipita wiki mbili kimya, kumbusha kwa adabu.

Je, naweza kuchangia kwa Kiswahili?

Maelezo ya viraka na maoni ndani ya msimbo huandikwa kwa Kiingereza. Lakini programu nyingi za sauti, Ardour na Audacity zikiwemo, hutafsiri maneno ya skrini kwa mfumo wa gettext, ambamo kila sentensi ya programu imeorodheshwa katika faili ya .po ikisubiri tafsiri, na kazi hiyo haihitaji kujua hata mstari mmoja wa C. Inahitaji mtu anayejua studio, ili maneno anayoyaweka yawe yale ambayo fundi mitambo anayatumia akiwa kazini.

Kiraka changu kimekubaliwa. Kitawafikia watumiaji lini?

Toleo jipya la kerneli hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Viraka vyenye uwezo mpya husubiri dirisha la wiki mbili linalofunguliwa mwanzoni mwa kila mzunguko, ilhali marekebisho ya makosa, pamoja na mistari ya utambulisho wa vifaa, huweza kuingia hata katikati. Ukiongeza mstari wa Cc: stable@vger.kernel.org katika maelezo ya kiraka, marekebisho yatapelekwa pia kwenye matoleo ya zamani yanayotunzwa kwa muda mrefu, na hayo ndiyo yanayotumiwa na distro nyingi tulivu. Kwa njia hiyo mwenye kifaa kama chako anaweza kukipata kiraka hicho katika masasisho ya kawaida baada ya wiki chache. Bila mstari huo, huenda akasubiri hadi distro yake itoe toleo jipya kabisa.